Uso Ulionitangulia Matombo

Mwaka wangu wa kwanza Morogoro niliamini kwamba natazamwa kwa sababu ya Kiswahili changu. Mimi ni Mkenya. Nilikuja kwa mkataba wa kufundisha uchumi wa kilimo katika chuo kimoja, nikapanga nyumba Mazimbu, na wiki ile ile niliyofika nikaingia mgahawani nikasema, "Nipe chai na chapati." Mgahawa mzima uligeuka. Kwetu hiyo ni sentensi ya kawaida, hata ya upole. Hapa watu huomba chai, tena huiomba baada ya kumjulia hali mwenye chai na watu wa nyumbani kwake. Mhudumu aliniletea kikombe kama mtu anayempa askari leseni yake.

Nikajirekebisha. Nikajifunza kusema naomba, na samahani, na shikamoo kwa kila mwenye mvi, hata pale ambapo mvi zangu zilikuwa nyingi kuliko zake. Bado nikatazamwa. Nikafikiri basi ni nywele, kwa maana nilizinyoa zilipoanza kuniaga zenyewe. Nikafunga kitambaa. Nikafikiri ni mwendo, kwa kuwa Nairobi tunatembea kama watu wanaofukuzwa na jambo. Nikaanza kutembea kama bibi harusi, na wanafunzi wangu wakaniuliza kama nyonga zinaniuma.

Mgeni aliyesoma sana ana ugonjwa wake: kila jicho linalomwangukia hulitafutia nadharia. Nilikuwa nimeanza hata kuandika insha kuhusu macho ya watu, insha ya kuchekesha, na nilikuwa na kisa cha kuimalizia. Kilitokea kwetu Nairobi, miaka michache kabla sijahama, kwa hiyo nilikipenda: kilionyesha kwamba mtu anaweza kutazamwa kama mgeni hata nyumbani kwao. Nilikuwa napita kwenye soko la mitumba, nimevaa ndala. Mwanamke mmoja muuza viatu, ambaye sikuwa nimemwona maishani, aliniona kwa mbali akatabasamu. Nilipomkaribia aliinama chini ya meza yake akatoa jozi ya viatu vya kahawia, vipana, akaniambia amenifichia siku nyingi, na kwamba hivi havitanifinya. Kisha akaniangalia miguuni. Akapandisha macho usoni tena, polepole, kama mtu anayesoma jina mlangoni akagundua amebisha nyumba siyo. Akavirudisha viatu chini ya meza. Nilipomuuliza bei, alimgeukia mteja mwingine.

Kila nilipokisimulia kisa hicho watu walicheka. Nilikuwa namwigiza yule mama vizuri sana, hasa pale tabasamu lilipokufa.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta Mazimbu alikuwa mwalimu wa sekondari, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kama mitano, Mluguru wa Matombo. Huyu alinitazama kuliko wote. Alikuwa mwema: akirudi kwao mwisho wa wiki aliniletea ndizi, mdalasini, pilipili manga iliyofungwa kwenye gazeti. Lakini nikianika nguo nikageuka ghafla, nilimkuta amesimama upande wake wa ua, nguo yake inachuruzika maji mkononi, ananiangalia. Hakuwa na haya ya kukutwa. Alikuwa na uso wa mtu anayejaribu kukumbuka kama amezima jiko. Siku nyingine alipiga hodi akiwa na sahani ya viazi, nikamkaribisha nikiwa nimempa mgongo, na nilipogeuka alirudi nyuma hatua moja, viazi viwili vikaanguka sakafuni. Alisema ni uchovu.

Aliuliza pia maswali. Kwetu ni wapi hasa. Mama yangu ni mtu wa wapi. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa wapi, na je, alikuwa na ndugu waliopotea. Nilimjibu kwamba kwa kadiri nijuavyo ukoo wetu haujawahi kuvuka mpaka wa wilaya, achilia mbali wa nchi. Aliitikia kwa kichwa, lakini siku chache baadaye aliuliza tena.

Likizo ilipofika alinialika kwao. Ukoo ulikuwa unakutana kumaliza msiba wa siku nyingi, alisema, na mimi ningepata viungo kwa bei ya shambani na kuona milima kwa karibu badala ya kuitazama dirishani kama picha ya kalenda. Nilikubali. Njiani, gari langu dogo likilalamika kila baada ya shimo, alinieleza msiba wenyewe.

Mama yake mkubwa alikuwa na binti mmoja. Binti huyo, akiwa bado msichana, alikwenda Nairobi na mfanyabiashara wa viungo aliyeahidi kumtafutia kazi. Kwa muda habari zilikuja, kupitia watu. Kisha zikakoma. Ukoo ulisubiri mpaka kusubiri kwenyewe kukazeeka. Mwishowe mjomba, ambaye kwa Waluguru ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada zake, alisema inatosha: binti ahesabiwe amekufa, matanga yaanuliwe, na jina lake apewe msichana mwingine wa ukoo, maana desturi yao haiachi jina la marehemu likae bila mtu. Mama mzazi alikuwa amekataa mwaka hadi mwaka. Sasa alikuwa mzee na amechoka. Alikuwa amesema atatoa neno lake kesho, mbele ya wote.

"Anataka kujua kitu kimoja tu, dada," mwalimu alisema. "Kama anamlilia mfu au anamzika mtu aliye hai."

Nilisema pole. Kisha, kwa ule wepesi wa akili unaonifanya niaminiwe na vyuo, nikamuuliza mdalasini huvunwa msimu gani.

Tulilala kwa shangazi yake karibu na misheni, na asubuhi tukaliacha gari uwanja wa kanisa tukapanda kwa miguu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Watu walitokea ndani yake mmoja mmoja, wakiteremka na mikungu ya ndizi kichwani, na kila mmoja alipotufikia alitoka njiani kabisa, akasimama kwenye majani yenye umande kutupisha. Nilitoa shikamoo zangu zote. Niliitikiwa kwa sauti ndogo sana. Walinitazama usoni, kisha wote, bila kuambizana, wakateremsha macho miguuni kwangu.

Nilijitazama na mimi. Nilikuwa nimevaa raba nyeupe, nilizozinunua kwa ajili ya safari hiyo. Raba nyeupe kwenye udongo mwekundu wa mlimani: nadharia yangu ilikuwa tayari kabla sijavuka kijito kilichofuata.

Mwanamke mmoja aliyebeba mzigo wa kuni aliutua. Mtu hautui mzigo wa kuni katikati ya mwinuko kwa sababu ya raba. Alinisogelea akanisemesha kwa Kiluguru, maneno mengi, taratibu, kama mtu anayemkemea ndugu mbele ya wageni. Mwalimu alijibu kwa niaba yangu, neno moja au mawili. Nilipomuuliza kilichosemwa aliniambia nimepewa pole ya safari. Baadaye sana alinieleza kwamba niliulizwa kwa nini nilimwacha mama peke yake muda wote ule.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, chini ya mteremko, migomba ikiwa imeizunguka kiasi kwamba tuliisikia kabla ya kuiona: sufuria, watoto, vicheko vya wanawake wanaochambua mchele. Tulipotokeza uwanjani sauti hizo zilikatika. Yalibaki matone tu, yakidondoka kutoka jani la mgomba hadi jani jingine. Mtoto mdogo alinitazama akaanza kulia, akabebwa akapelekwa nyuma ya nyumba, na hakuna aliyeniambia kwamba hajazoea wageni, kama watu wasemavyo watoto wanapolia hivyo.

Kwa macho mengi nilikuwa na mbinu yangu: kutabasamu na kumsalimia kila mtu, mpaka yachoke. Nikazunguka mikeka nikitoa mkono. Nilipewa kwa ncha za vidole, na ncha zenyewe zilirudi haraka zilikotoka. Mzee mmoja, kabla hajanipa mkono, alinibana kifundo cha mkono kwa vidole viwili, kama mtu anayepima parachichi. Aliridhika, nadhani. Akamwambia jirani yake jambo, na jirani naye akataka kubana.

Ndipo akaja mwanamume mmoja wa makamo, amejifunga khanga kifuani kama mwanamke, mfuniko wa sufuria kichwani. Alisimama mbele yangu akaniangalia juu hadi chini.

"Wewe ndiye wa kuchelewa hivi?" aliniuliza. "Msiba wako mwenyewe? Wali tumeshapakua."

Nilimwambia, kwa heshima yote ya mtu mwenye shahada, kwamba naona mzee amekunywa mapema.

"Marehemu ana matusi," aliwatangazia watu. "Huko walikomweka wamemfundisha kiburi."

Uwanja mzima ulicheka kwa pamoja, kicheko kikubwa, cha ghafla, cha watu waliokuwa wameshikilia pumzi. Kilidumu kupita uzito wa mzaha wenyewe. Wanawake wawili walikuwa wanacheka huku wanafuta machozi, na sikuweza kujua machozi ni ya lipi.

Mwalimu alinivuta pembeni, kwenye ukuta wa jiko. Yule si mlevi, aliniambia. Ni mtani wa ukoo. Msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata la kumdhihaki maiti, na hakuna wa kumkasirikia. Wengine hawana ruhusa hiyo. Ni mwiko kumwambia mtu aliye hai kwamba ana uso wa mtu anayeombolezwa. Aliyenalo neno hilo ni mtani peke yake. Wengine wote walikuwa wamebakiwa na macho.

Ilinichukua muda kuelewa nilichoambiwa, na nilipoelewa nilihisi baridi ya ukungu imeingia ndani ya nguo. Nilimuuliza kama alijua.

"Tangu siku uliyohamia," alisema. "Lakini mimi macho yangu siyaamini tena, dada. Tangu nimekuona, nikitaka kumkumbuka yeye nakuona wewe. Nilitaka wengine wakutazame, nijue kama ni mimi tu."

Alitoa kwenye pochi picha aliyoiazima kwa mama yake mkubwa. Ilikuwa pekee waliyokuwa nayo. Msichana amesimama mbele ya ukuta wa misheni, gauni lenye maua, mikono imeshikana mbele. Gauni lilionekana vizuri, na maua, na ufa wa ukutani. Uso haukuwepo. Mama alikuwa ameushika kwa kidole gumba kila siku kwa miaka yote hiyo, na uso ulikuwa umehamia kwenye kidole. Pale palipokuwa na macho na mdomo palibaki doa jeupe, laini. Niliitazama picha ile nikatambua kwamba watu wote waliokuwa uwanjani walikuwa wanamfananisha na mimi mtu ambaye hawakuwa tena na sura yake ya kulinganishia. Kila walivyonitazama, ndivyo walivyozidi kumjaza sura yangu.

Mjomba alikuja, mzee mwembamba aliyevaa koti la suti juu ya shuka. Aliniomba radhi kwa mapokezi. Kisha akaniomba jambo moja: niingie ndani nikae mbele ya dada yake, amalize kunitazama mwenyewe, aone kwamba mimi ni mtu wa watu wengine, ili ukoo umalize lililowakutanisha. Nilikuwa nimetumia mwaka na zaidi kutafuta namna ya kutotazamwa. Nilimfuata.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma, penye mwanga. Watu walijaa mlangoni nyuma yangu. Nilipiga magoti nikatoa shikamoo, akasema marahaba. Usoni hakunitazama kabisa. Aliashiria raba zangu.

Nilizivua, na soksi. Akauchukua mguu wangu wa kushoto akauweka mapajani, kama unavyoweka mguu wa mtoto unayemtoa mwiba. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyenye joto. Alipitisha kidole gumba, kile kile cha picha, juu ya vidole vyangu kimoja baada ya kingine, mpaka kile kidogo cha mwisho. Hapo akakoma. Akakikunja. Akakiachia, akakikunja tena. Mwalimu alininong'oneza kwamba binti, akiwa mdogo, alikatwa na panga la kuvunia ndizi, na kidole hicho hakikupatikana. Mguu wake ule ulikuwa umekua kwa upana, na kila kiatu kilimfinya.

"Kipo," mama alisema. Kisha akasema, "Si yeye."

Nilisikia mjomba akishusha pumzi nyuma yangu. Na mimi ningeshusha, isipokuwa nilikuwa nimeona kitu kingine kabisa: meza ya viatu, mwanamke anayetabasamu, jozi pana ya kahawia, na macho yakiteremka kwenye miguu yangu iliyo ndani ya ndala. Nilikuwa nimekisimulia kisa kile mezani kwa watu wangapi. Nilikuwa najua kuigiza hata namna alivyokunja shingo. Sikuwahi kujiuliza alikuwa anatafuta nini mguuni kwangu ambacho hakukikuta.

Mjomba alikuwa ameshaanza kusema, kwa upole, kwamba basi dada yake ameona kwa macho yake. Ningenyamaza, wali ungeliwa, mama angelia na kupumzika, na msichana fulani uwanjani angepewa jina. Nami nilikuwa na nini cha kuweka mahali pa hayo? Viatu chini ya meza, miaka kadhaa iliyopita. Mwanafunzi angeniletea ushahidi wa namna hiyo ningemrudishia kazi yake bila kuisahihisha. Lakini mama alikuwa amesema anataka kujua kitu kimoja tu, na mguu wangu ulikuwa bado mikononi mwake.

Nilimweleza. Sikuigiza. Kisa kisipoigizwa ni kifupi sana.

Alisikiliza akitazama nje, kwenye migomba. Nilipomaliza aliuliza, "Viatu vilikuwa vipana?"

"Vipana, mama."

"Alikuwa amemfichia yeye."

"Nafikiri hivyo. Sina hakika."

Mjomba alisema, na hakusema kwa ubaya, kwamba Nairobi ni kubwa na wenye miguu mipana ni wengi. Mama alimwacha amalize.

"Wali kuleni," alimwambia. "Jina liacheni. Lina mwenyewe."

Kisha ndipo alipoinua macho akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza. Nimetazamwa na watu wengi katika nchi hii, lakini yeye hakuwa ananitazama mimi. Alinitazama kama mtu anayechungulia dirishani mwa nyumba ya watu, akitafuta aliye chumba cha ndani.

"Ukirudi kwenu, pita pale," alisema. "Tembea polepole. Wakikutazama, usikwepe."

Tulipotoka, mtani alikuwa amekaa kizingitini, mfuniko mapajani. Aliwaambia wanawake wampe marehemu wali wa njiani, kwamba safari yake bado ndefu. Waliufunga kwenye jani la mgomba. Tulipokuwa tunateremka wali ulinichoma mikono, na watu walitupisha njiani vile vile.

Ile insha ya kuchekesha sikuimalizia.

Desemba nilipanda basi kurudi kwetu. Lilisimama Mikese watu wakanunua mahindi ya kuchoma, na mama mmoja muuzaji alinitazama dirishani. Sikukwepa. Alinipungia mkono, nikanunua mahindi, na hakuna zaidi ya hapo. Nalisema kwa sababu tangu Matombo nimekuwa siyahesabu macho ya mtu yeyote kuwa ya bure.

Sokoni Nairobi nilikwenda bila kitambaa, nimevaa ndala. Mahali pa yule muuza viatu palikuwa panauzwa ndoo. Hakuna aliyemjua. Nilitembea polepole, kama nilivyoagizwa, safu hadi safu, nikiuinua uso kama mtu anayebeba bango. Hakuna aliyenitazama. Nairobi haimtazami mtu, na mwanamke anayekaribia hamsini humpita kama upepo. Watu walinikanyaga wakaomba radhi kwa begi langu. Baada ya mwaka mzima wa kuchukia macho, nilikuwa nayaomba kama maji.

Ilikuwa mchana wa pili nilipopita kwa mwanamume mmoja mnene anayeuza soksi. Aliinua kichwa.

"Mathe, si umetoka hapa saa hii?" aliniuliza. Kisha akaangalia chini. "Na umebadilisha viatu wapi?"

Nilisimama. Inawezekana alikuwa ameniona mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeipita safu ile asubuhi. Lakini ndala zangu zilikuwa zile zile. Nilimuuliza huyo aliyemwona alielekea wapi, na alinitazama kama mtu anayetaniwa, kisha akaonyesha kwa kidevu, upande wa mto, ambako umati ulikuwa mzito.

Nilikwenda huko. Sikujua niutafute uso gani, maana wangu siuoni, kwa hiyo niliangalia chini. Visigino, kandambili, viatu vya shule, vidole vyenye rangi na visivyo na rangi. Mwanamke mmoja kijana alisimama ghafla mbele yangu, akaficha mguu mmoja nyuma ya mwingine.

"Mama, unaniangalia miguu ni kama umepoteza nini?"

Nilimwomba radhi. Aliondoka akigeukageuka, na najua vizuri sana alivyojisikia. Nilingoja apotee kwenye watu, nikainamisha macho tena.